Maswali na Majibu: Banda la Mbao au la Plastiki?

Nina kuku 15 wa kienyeji. Fundi anataka nijenge kwa mbao, jirani anasema mbao ni kufuga utitiri na bora ninunue banda la plastiki. Nimsikilize nani? (Kibaha)

Kwa Kibaha, msikilize fundi, lakini onyo la jirani usilitupe. Adui wa kwanza wa kuku ukanda wa pwani ni joto. Kuku hatoki jasho. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa. Ukuta wa plastiki haupitishi hewa wala haunyonyi unyevu, kwa hiyo mvuke wa pumzi na wa kinyesi hubaki ndani usiku kucha. Ukiingia alfajiri macho yakawasha, ujue kuku wako wamelala kwenye hewa hiyo hiyo, na mafua hayatakuwa mbali.

Jenga fremu ya mbao, ukuta uzibwe nusu mita kutoka chini, juu yote iwe wavu. Elekeza urefu wa banda mashariki hadi magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani, na paa lichomoze vya kutosha mvua isirushwe kwenye maranda uliyotandika sakafuni. Kwa kuku 15 weka sakafu ya mita 2 kwa 2. Hapo ni takriban kuku 4 kwa kila mita ya mraba. Wavu wa kuku ule mwembamba wa matundu makubwa unazuia kuku kutoka, lakini kicheche na nguchiro huupasua. Sehemu ya chini ya wavu, pale ukuta uliozibwa unapoishia, funga wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu madogo.

Shikamoo mtaalamu. Kuku wangu wanakataa kuingia bandani jioni, wanapanda mwembe. Mayai yamepungua na undu umepauka. Mchana nawakagua sioni mdudu hata mmoja. Banda ni la mbao, la miaka mitatu. (Morogoro)

Marahaba. Unawakagua saa ambayo mwizi hayupo. Utitiri mwekundu haukai mwilini mwa kuku mchana. Hujificha kwenye nyufa za mbao, giza likiingia hutoka kunyonya damu, kisha hurudi. Kuku wako wanapokimbilia mwembeni wanajua wanachokikimbia.

Fanya hivi: saa mbili baada ya giza, ingia na tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa chini ya kichanja wanacholalia, hasa pale ncha yake inapokaa ukutani. Kikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku wako. Mchana angalia pale pale, utaona kitu kama majivu yaliyoshikana: ni maganda na kinyesi chao. Ukikuta pia wadudu bapa, wakubwa zaidi, wenye rangi ya kijivu au kahawia, hao ni kupe wa kuku. Wana tabia hiyo hiyo ya kujificha mchana.

Kuliacha banda tupu wiki mbili hakutasaidia, maana utitiri huweza kukaa miezi bila kula. Toa vichanja vyote na viota, choma matandiko ya zamani, sugua kila ungio kwa brashi na maji yanayochemka. Banda likikauka, weka dawa ya wadudu iliyoruhusiwa kwa kuku kutoka duka la pembejeo za mifugo, na uifikishe ndani ya nyufa, siyo kupuliza hewani. Soma maelezo kuhusu siku za kutokula mayai. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu mayai ya utitiri hayafi kwa mara ya kwanza na kwenye joto letu kizazi kipya hukomaa ndani ya wiki moja hivi. Watu wengi hushindwa hapa: wanatibu mara moja, wanaona nafuu, wanaacha.

Mwisho ziba nyufa na upake chokaa ndani kote. Na vichanja usivipigilie misumari tena. Viweke kwenye vishikio ili uvitoe kila mwezi.

Nina tanki la maji la lita 1,000 lililopasuka. Naweza kuligeuza banda? (Nakuru)

Unaweza, kwa kuku wachache sana. Tanki lenye kipenyo cha mita 1 lina sakafu isiyofika mita moja ya mraba, yaani kuku 3 tu wanalala kwa raha. Kata madirisha mapana pande mbili, karibu na juu, uyafunge kwa wavu, kisha kingo zote uzilainishe zisiwakate. Tanki jeusi likisimama juani huwa tanuri, kwa hiyo liweke chini ya mti au ulijengee kivuli. Faida yake kubwa ni usafi: unamwaga maji ya sabuni, unasugua, limekwisha.

Huku mabanzi ni rahisi mno kuliko kitu chochote. Tatizo ni mchwa. Je, oili chafu inafaa? (Mafinga)

Ukiwa jirani na msitu wa Sao Hill, kununua banda la plastiki ni kupoteza fedha. Na kwa baridi yenu ya Juni na Julai, ukuta wa mbao ndio unaowafaa kuku. Mabanzi yabandue magamba kwanza, maana chini ya magamba ndipo wadudu wanapoanzia makazi. Oili chafu paka miguu ya nguzo tu, ikauke kabla ya kuku kuingia, isifike ndani. Vizuri zaidi nguzo zikae juu ya zege.

Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani, zinafaa kusimamisha banda. Lakini mara nyingi dawa hiyo ina aseniki. Usizifanye kichanja wala chombo cha chakula, na maranda yake usiyatandike hata kidogo. Ukienda kiwandani kuchukua maranda, uliza yametoka mbao zipi.

Nipo Leicester, nataka kuku wanne bustanini. (Uingereza)

Huko plastiki ina hoja nzuri, kwani mabanda mengi ya mbao yana paa la karatasi ya lami, na chini yake utitiri hujazana. Chagua lenye matundu ya hewa ya kutosha, maana unyevu ndani huumiza kuku kuliko baridi. Pia tangu 1 Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inakutaka uwasajili hata akiwa kuku mmoja.

Vichanja vya bomba la plastiki je? (Tanga)

Hapana, vinateleza. Tumia mti laini wa unene wa sentimita 4 hadi 5, na kila kuku apate sentimita 20. Plastiki ipeleke kwenye viota: ndoo ya lita 20 iliyolazwa ubavu, yenye kizuizi mbele na nyasi kavu ndani, inatosha kuku 4 au 5 na inaoshwa kwa dakika chache.