Nimekatwa ziwa kwa kansa, naruhusiwa kutengenezewa jingine?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38. Mwaka jana nilikatwa ziwa la kushoto kwa sababu ya kansa, nikapata kemo na mionzi, sasa naendelea vizuri alhamdulillah. Daktari kaniambia naweza kutengenezewa jingine, ama kwa kuwekewa silikoni au kwa kuchukua nyama ya tumboni kwangu mwenyewe. Wifi yangu kanitumia klipu ya ustadhi mmoja anasema huko ni kubadilisha umbile la Allah, aliyekatwa kashaandikiwa basi asubiri. Mume wangu naye anasema kama ni kutengeneza basi waniongeze na la kulia, yawe makubwa yote, la sivyo ataoa. Nimechanganyikiwa sheikh, hata kuoga siku hizi naoga nimejifunga kanga nisijione.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Hilo la kuoga na kanga limenikaa moyoni siku mbili hizi. Shangazi yangu aliyenilea alikatwa ziwa nikiwa kijana, nilimuona anavyojaza vitambaa kwenye sidiria kabla ya kutoka, na harusi alikuwa haendi tena, nasi watu wa nyumbani tukidhani kazeeka tu. Kwa hiyo swali lako nalijibu kwa urefu, na jibu lenyewe nakupa mapema usibaki na wasiwasi: kutengenezewa ziwa lililokatwa kwa maradhi ni halali, huna dhambi wala usione haya kuuliza.

Hiyo klipu na mimi nimeletewa na watu wengi. Ustadhi kashika aya ya 119 ya Suratun Nisaa, pale Iblis anaposema atawaamrisha watu wabadili umbile la Allah, halafu akaishia hapo. Sasa mtu ukisoma aya kwa kuikata hivyo utaharamisha mpaka kukata kucha na kutahiri watoto, manake navyo vinabadilisha mwili. Maulamaa hawakuielewa hivyo. Aliyetufasiria kubadilisha kunakolaaniwa ni Mtume mwenyewe sallallahu alayhi wasallam, katika hadithi ya Ibn Masud iliyomo kwa Bukhari na Muslim, akawataja wanaochanja ngozi kuitia wino (tatuu), wanaonyoa nyusi na wanaochonga mwanya kwenye meno "kwa ajili ya uzuri". Hilo neno kwa ajili ya uzuri halikuwekwa bure. Imam Nawawi, na sisi huku pwani wengi wetu ni Shafii tunamjua uzito wake, anasema katika kitabu chake cha kufafanua Sahihi Muslim kwamba kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kutafuta uzuri, ama akihitaji kwa matibabu au kwa kasoro iliyoko kwenye jino basi hakuna ubaya. Na kwa Abu Daud iko riwaya ya Ibn Abbas ya laana hiyohiyo, mwisho wake kuna maneno "bila ya ugonjwa". Bila ya ugonjwa! Sasa kansa kama si ugonjwa ni nini?

Halafu kuna kisa cha Arfaja bin Asad, swahaba aliyekatika pua kwenye vita vya Kulab zama za jahiliya. Akajiwekea pua ya fedha, ikamuozea na kutoa harufu, Mtume akamuamuru aweke ya dhahabu, wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu kwa mwanamume tunajua ni haramu, na juu ya hivyo akaamrishwa aivae usoni. Mtu asiniambie pua ina kazi ziwa halina, manake pua ya chuma hainusi kitu, ile ilikuwa ni kumuondolea mtu ubaya wa sura na unyonge mbele ya watu. Na Mtume hakumwambia Arfaja kashaandikiwa, asubiri. Kansa ni qadar, yaani makadirio ya Allah, na daktari naye ni qadar, na aliyetuambia "jitibuni enyi waja wa Allah" ndiye huyohuyo aliyetufundisha subira.

Nitakuwa muadilifu, hoja moja ya ustadhi ina nguvu. Kataja hadithi ya binti aliyekuwa akiolewa, nywele zikampukutika kwa maradhi, watu wake wakaomba waunge nywele nyingine Mtume akakataa, na ni hadithi sahihi. Lakini kuunga nywele kumekuja katazo lake maalumu kwa jina, na nywele huota tena, na maulamaa wengi wanasema katika kuunga kuna udanganyifu. Ziwa lililokatwa halioti tena, na mumeo alikuwa nawe tangu siku ya kwanza, unamdanganya nani? Kiungo kilichopotea kina dalili yake yenyewe, ndo hiyo ya Arfaja, huwezi kuiacha dalili ya kiungo ukaenda kukopa ya nywele. Mwaka 2007 wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, baraza la wanazuoni wa sheria za Kiislamu kutoka nchi mbalimbali, walikaa Putrajaya kule Malaysia, wakatoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa kujirembesha, wakaruhusu kurudisha kiungo kwenye umbile lake na kutengeneza kasoro iliyoletwa na maradhi au ajali, wakazuia ule wa kufuata matamanio na mitindo. Sijui kwa nini mtu anapanda mimbari kumtisha mgonjwa bila kupitia hata hayo, na linanikera sana, manake anayesikia yuko chumbani peke yake analia.

Sasa tuje kwa shemeji. Hilo la kuongeza ziwa zima la kulia liwe kubwa kuliko lilivyo, hapana. Hapo ndo tumeingia kwenye "kwa ajili ya uzuri" penyewe, na wanaosema Allah ni mzuri anapenda uzuri wanaitoa hadithi mahali pake, ile mtu aliuliza kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, hakuulizia kisu. Na kwako wewe kuna jambo zaidi: hilo la kulia madaktari watakuwa wanalichunguza miaka yote, na silikoni ikiwemo ndani huweza kuficha sehemu ya nyama kwenye picha ya mamogramu. Yaani uhatarishe kuchelewa kugundua ugonjwa kwa sababu ya matamanio ya mtu? Hakuna kudhuru wala kudhuriana, na hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini daktari akisema la kulia linyanyuliwe au lipunguzwe kidogo ili yalingane, usiwe unaelemewa upande mmoja, hilo linafuata tiba yako na sioni ubaya.

Kuoa mke wa pili sheria imemruhusu akiweza uadilifu. Haikumruhusu kuitumia kama fimbo ya kumchapia mgonjwa. Mwambie shemeji anipigie, na kabla ya kupiga aisome hadithi ya "mbora wenu ni aliye mbora kwa ahli yake" ajiulize yuko wapi. Pengine na yeye ana hofu ya kukupoteza na hajui pa kuiweka, nimeona wanaume wa hivyo, ukali wote ule ndani mtu anatetemeka.

Kabla ya kusaini chochote, kaa na daktari umuulize vizuri, na akipatikana daktari wa kike anayeiweza kazi hiyo ndo wa kutangulizwa, asipopatikana basi wa kiume na awepo mumeo au dada yako. Ngozi iliyopigwa mionzi mara nyingi haielewani na silikoni, hukakamaa na kuleta matatizo, ndo maana nyama ya mtu mwenyewe huwa inafikiriwa kwa aliyepitia mionzi, ingawa upasuaji wake ni mrefu na kupona kunachukua muda. Silikoni pia si ya maisha, huenda ukarudi tena kisuni miaka ya mbele. Muulize ni ya aina gani na imetoka wapi, kule Ufaransa mwaka 2010 iligundulika kampuni ya PIP ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani, na 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni zile zake zenye ganda la kukwaruza kwa kuhusishwa na aina ya kansa ya nadra. Na swali ambalo wengi hawaliulizi: kuna vitambaa vya kushikilia silikoni vinavyotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, mwambie mapema wewe Muislamu atafute nyingine. Chuchu wakitaka kuichora kwa wino nakushauri uiache, ukichora utakuwa umeingia kwenye khilafu, jambo ambalo maulamaa wametofautiana, bila dharura. Ghusli na udhu havina tatizo, kilicho chini ya ngozi hakizuii maji.

Pesa usikope kwa riba. Na ukiona huna uwezo au mwili umechoka na visu, yapo maziwa ya bandia ya kuvaa ndani ya sidiria, unavaa unatoka zako, hakuna upasuaji. Hulazimiki kutengenezewa, halali si wajibu. Mwanamke akibaki na ziwa moja bado ni mwanamke kamili, swala yake kamili, haki zake kwa mumewe kamili.

Wifi yako usigombane naye, naamini alituma kwa nia njema, mtumie jibu hili asome. Na leo jaribu kuoga bila kanga.

Wallahu aalam.