Maswali na majibu: Kabla ya kwenda mwambani, uliza maji

Likizo ikikaribia barua hujaa, na nyingi zinauliza jambo lile lile. Nimechagua saba.

*Tunakuja Mombasa Jumamosi na watoto. Tutoke ufukweni saa ngapi kwenda kuangalia samaki? – Baba wa watatu, Nairobi*

Ndugu yangu, hukuniambia Jumamosi ya tarehe ngapi. Kila wiki napata swali hili bila tarehe, na bila tarehe halina jibu. Saa ya kutoka haipangwi na hoteli wala na basi lenu. Inapangwa na mwezi.

Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku hizo maji hapa kwetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Ikifika tarehe 8 au 23 ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, na mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, na kupwa ni alasiri. Tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini, utazame tarehe yako.

Ukishajua saa ya maji kupwa, panga muwe mwambani, kwenye ukuta wa matumbawe ulio mbele ya ufukwe, kuanzia saa moja kabla yake hadi saa moja baada yake. Wakati huo mwamba umeinuka na kuzuia mawimbi ya nje, maji ya ndani yametulia, na mkondo umelala. Kisha maji yanapoanza kujaa yanawasukuma kurudi pwani. Wavuvi wetu hutoka na maji yakipwa na kurudi na maji yakijaa kwa sababu hiyo hiyo. Anayetoka maji yamejaa hukuta mawimbi yanapita juu ya mwamba, mchanga umetibuka, na samaki hawaonekani.

Kwa watoto wanaoanza, maji mafu ni afadhali kwa kuwa mkondo wake ni dhaifu, mradi upepo uwe umetulia. Na wakati wa upepo wa Kusi, hasa Juni hadi Agosti, msilazimishe safari kwa sababu tu mmekwisha lipia chumba. Bahari huchafuka na mtalipa boti kuangalia povu.

*Maji yakipwa naona watu wanatembea mbali sana. Je, naweza kufika mwambani kwa miguu? – Dada wa Kisauni*

Kuna siku za bamvua unaweza kukaribia. Sikushauri, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo watu wasiojua kuogelea hunaswa.

Ufukwe wetu haushuki sawasawa. Katikati kuna mafungu ya mchanga, na kati ya fungu na nchi kavu kuna sehemu iliyo chini zaidi, kama mfereji. Maji yakijaa hayaji kutoka mbele yako tu. Huingia kwanza kwenye mfereji ule, nyuma ya mgongo wako. Wewe umesimama mchangani pakavu, unapiga picha, na njia ya kurudi imekwisha funikwa.

Pia maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Hujaa kwa muda wa saa sita hivi. Gawa kina chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ya bamvua ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, nawe unajiambia hakuna haraka. Lakini saa ya tatu na ya nne pamoja ni mita 1.8, kimo cha mtu mzima. Ukitaka kutembea kwenye mafungu ya mchanga, toka maji yakiwa bado yanapwa, vaa viatu, na geuka kurudi kabla ya saa ya maji kupwa. Usingoje uone yanajaa.

*Naogelea mita 1,000 bwawani bila kupumzika. Naweza kuogelea kutoka ufukwe wa Pirates hadi mwambani? – Kijana wa Tudor*

Bwawa halina mkondo. Mwamba uko kilomita moja na zaidi, kisha kuna kurudi. Mkondo wa noti moja, kipimo cha mwendo baharini, husogea nusu mita kila sekunde, na huo ndio mwendo wa muogeleaji wa kawaida asiye na mapezi: utapiga mikono na kubaki pale pale. Maji yakipwa, yale yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta milango ya kutokea bahari kuu, na karibu na mlango mkondo huzidi. Ukivutwa huko usishindane nao. Ogelea kwa kukata ubavu, sambamba na mwamba, hadi uhisi umelegea, na inua mkono kuita msaada mapema, kabla hujachoka.

Tena kuna boti na pikipiki za majini ambazo hazioni kichwa kilicho usawa wa maji. Panda boti. Ukiwa mwambani, chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mnazi na mnara nyuma yake. Inua kichwa kila dakika mbili tatu, vikiachana, unachukuliwa.

*Nahodha alituambia jaketi za kujiokoa hazina haja kwa kuwa maji ni ya kiunoni. Ni kweli? – Mama Aisha, Changamwe*

Si kweli, mama. Ya kiunoni ni pale anapotia nanga, si njia nzima. Kabla hujapanda, hesabu jaketi, na hesabu watu. Vaa, funga kamba zote, kisha mwambie mtu akuinue kwa mabega ya jaketi; ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Ya mtoto iwe ya mtoto, yenye kamba ya kupita katikati ya miguu. Uliza leseni ya boti. Tazama kama kuna kasia, nanga yenye kamba, na simu iliyofungwa isiingie maji. Baharia mmoja abaki chomboni muda wote mnapoogelea. Kurudi chomboni, injini izimwe kabisa kabla mtu hajakaribia tezi, yaani nyuma ya chombo, kwani panga la injini hukata hata ikizunguka polepole. Nahodha anayekasirikia maswali haya, mwache aende na boti yake.

*Tubebe mkate wa kulisha samaki? – Msomaji wa Mtwapa*

Hapana. Na akikupa nahodha, mkatalie.

*Mrija wangu wa kupumulia majini ni mfupi. Nikiuunganisha na bomba la mita moja nitapumua nikiwa chini zaidi? – Fundi wa Likoni*

Usifanye hivyo kabisa! Kifua kikiwa mita moja chini, maji hukibana kuliko misuli inavyoweza kukipanua, na pumzi uliyotoa hubaki bombani ukaivuta tena. Mrija ni wa sentimita 40 hivi kwa sababu hiyo. Ukitaka kuzama, shika pumzi kwa muda mfupi, mwenzio akiwa juu anakutazama. Usivute pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama: unaondoa hewa chafu inayouambia mwili upumue, na unazimia majini bila dalili.

Miwani ijaribu kabla ya kununua: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, uachie. Ikianguka, itavuja.

*Nimekanyaga wale wanyama weusi wa mwambani wenye miiba mirefu. Niweke papai? – Mgeni wa Bamburi*

Maji moto kwanza. Tumbukiza mguu dakika 30 hadi 90, yasizidi nyuzi 45, na uyapime kwa mkono, kwani mguu wenye maumivu hudanganya. Miiba inayochomoza itoe kwa kibano. Iliyozama usiichimbe kwa sindano, ni dhaifu na hukatikia ndani. Utomvu wa papai, ukipenda, uwe baadaye. Mwiba ukiwa karibu na kifundo, nenda hospitali. Maumivu yakiwa makali mno na mguu ukivimba haraka, huenda ni samaki anayefanana na jiwe. Huyo ni maji moto yale yale, na safari ya hospitali hapo hapo.

Ulikanyaga kwa sababu ulisimama. Mwambani hapasimamwi: matumbawe huvunjika chini ya mguu, na hiyo ni hifadhi ya bahari tangu 1986. Ukichoka, lala chali juu ya maji na jaketi yako, uite boti.