Maswali ya Wasomaji kuhusu Android 15: Wizi wa Simu, Faragha na Kazi ya Wasanidi

Maswali yaliyotufikia kuhusu Android 15 yametoka kwa makundi mawili: watu wanaotaka kujua toleo hili litawafaa nini, na wasanidi programu ambao wameshaanza kulitumia wakakuta kazi zao zimebadilika sura. Tunaanza na watumiaji.

Simu yangu ina miaka miwili na kila nikitafuta sasisho naambiwa mfumo uko sawa, wakati wenzangu wana Android 15. Je, ninunue simu nyingine? (Msomaji, Dodoma)

Usinunue simu kwa sababu hiyo peke yake. Google ilitoa msimbo wa Android 15 tarehe 3 Septemba 2024 na simu zake za Pixel zikaupata tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo, lakini kampuni nyingine huuchukua msimbo huo, huuvisha sura na nyongeza zake, huupima kwenye kila modeli, na ndipo huusambaza. Samsung, kwa mfano, ilianza kusambaza One UI 7, ambayo ndiyo Android 15 kwa simu zilizokwisha kuuzwa, mwezi Aprili 2025, tena ikianza na zile za bei ya juu. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, mara nyingi hupata toleo moja jipya au hazipati kabisa, kwa hiyo ujumbe kwamba mfumo uko sawa unamaanisha tu kwamba mtengenezaji hana kipya cha kukupa. Jambo la kuangalia zaidi ni tarehe ya sasisho la usalama, ambayo utaiona kwenye Mipangilio. Ikiwa imepita miaka miwili na simu hiyo ndiyo yenye fedha zako, hapo ndipo wazo la kuibadilisha lina msingi.

Ni kweli kwamba simu ikiporwa inajifunga yenyewe? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni kweli, na tena huhitaji Android 15, kwa kuwa ulinzi huu hupitia Huduma za Google Play na hufika hata kwenye simu nyingi zenye Android 10 na kuendelea. Ingia kwenye Mipangilio, fungua sehemu ya Google, kisha tafuta ulinzi dhidi ya wizi. Utakuta vitu vitatu, na ni vyema kuvielewa kimoja kimoja kabla ya kuvitegemea.

Cha kwanza hutumia vihisi vya mwendo kutambua mnyakuo wa ghafla unaofuatwa na mbio za miguu, baiskeli au chombo cha moto, kisha hufunga skrini. Kinafanya kazi simu ikiwa wazi na inatumika, yaani hasa pale kibaka wa bodaboda anapoipokonya ukiwa katikati ya mazungumzo. Lakini huenda kisishtuke iwapo simu ina muunganiko thabiti wa Wi-Fi au Bluetooth. Cha pili hufunga skrini simu ikikaa bila mtandao kwa muda, kwa sababu mwizi mzoefu huzima data kwanza. Cha tatu hukuwezesha kuazima simu ya mtu, kufungua android.com/lock na kuifunga simu yako kwa kuandika namba yako tu, bila kukumbuka nenosiri, ingawa ni lazima namba hiyo iwe imethibitishwa mapema na simu iliyoibwa iwe bado hewani.

Hata hivyo, kufunga simu si kufunga laini. Mwizi akichomoa laini yako na kuiweka kwenye simu ya vitufe, ujumbe wote wa uthibitisho kutoka benki na kampuni za mtandaoni utamfikia yeye, na yeyote anayekupigia atampata yeye. Kwa watu wanaoishi kwa M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo, hatari hii ni kubwa kuliko thamani ya simu yenyewe. Weka PIN ya laini, ambayo huombwa kila laini inapoingizwa kwenye simu au simu inapowashwa upya, na ambayo ikikosewa mara tatu laini hujifunga hadi ipatikane namba ya PUK. Mpangilio huo umekuwepo tangu enzi za simu za vitufe, na ajabu ni wachache wanaoutumia. Kisha, ukiibiwa, piga simu kwa mtoa huduma wako kabla ya kwenda kununua simu nyingine.

Kwa wanunuzi wa simu zilizotumika, Android 15 pia imeziba njia zilizokuwa zikitumiwa kuruka ulinzi wa akaunti baada ya simu kufutwa. Usilipe mpaka muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako.

Nimesikia kuna sehemu ya faragha. Naweza kuweka humo programu ya benki na WhatsApp ya biashara? (Msomaji, Mombasa)

Ya benki, ndiyo. Ya biashara, nakushauri usiweke. Sehemu ya faragha ni kama wasifu wa pili ndani ya simu, wenye kufuli lake na unaoweza kupewa akaunti tofauti ya Google, na ukiifunga programu zake hutoweka kwenye orodha, kwenye arifa na hata kwenye Mipangilio. Zikifichwa hivyo huwa zimesimamishwa kabisa, na mteja akikutumia oda saa tatu usiku hutaiona mpaka uifungue tena. Kwa benki hilo halina madhara, kwa kuwa programu yake huifungua mwenyewe unapoihitaji. Kumbuka pia kwamba programu iliyokwisha kuwekwa kwenye simu haihamishwi kwenda humo. Utaipakua upya ndani ya sehemu hiyo na kuiondoa ile ya nje. Vilevile, vilivyomo humo havihamii kwenye simu mpya, kwa hiyo si mahali pa kuweka picha zisizo na nakala kwingine. Baadhi ya watengenezaji wana vyumba vyao vya siri vya zamani, kama Secure Folder ya Samsung, ambavyo hufanya kazi inayokaribiana na hii.

Programu za mikopo bado zinaweza kusoma namba za uthibitisho zinazotumwa kwangu? (Msomaji, Nakuru)

Inategemea mlango zinaopitia. Android 15 huficha namba za uthibitisho za mara moja zisisomwe na programu uliyoiruhusu kusoma arifa, isipokuwa chache zinazoaminiwa na mfumo, na pia huzificha unaposhiriki skrini yako na mtu mwingine. Lakini ukiipa programu ruhusa ya kusoma SMS, umeipa SMS, na mabadiliko haya hayazuii chochote hapo. Kanuni za Google Play zimezikataza programu za mikopo kufikia orodha ya majina na picha tangu tarehe 31 Mei 2023, na kwa Kenya zinatakiwa kuonyesha leseni ya Benki Kuu. Kanuni hizo haziigusi programu uliyotumiwa kama faili kwenye WhatsApp, na aliyekutumia analijua hilo.

Je, nitaweza kutuma ujumbe kwa satelaiti kijijini kusiko na mnara? (Msomaji, Mpanda)

Kwa sasisho peke yake, hapana. Android 15 imeandaa njia hiyo ndani ya mfumo, lakini simu yenyewe lazima iwe na kifaa kinachofaa na mtandao wako uwe unatoa huduma hiyo.

Nimepandisha programu yangu hadi API 35 na sasa kitufe cha "Lipa" kimejificha chini ya vitufe vya simu. Nimekosea wapi? (Msanidi, Kampala)

Hujakosea, kanuni imebadilika. Programu inayolenga API 35, yaani namba ambayo wasanidi huitumia kuitaja Android 15, ikiendeshwa kwenye toleo hilo huchorwa kutoka ukingo hadi ukingo wa skrini, ikipita chini ya upau wa hali juu na upau wa usogezaji chini, iwe uliomba hivyo au la. Soma vipimo vya WindowInsets, vinavyoonyesha nafasi iliyochukuliwa na pau hizo, na uvitumie kusogeza vinavyobonyezwa, au kama unatumia Compose, zana ya Google ya kuchora skrini, hakikisha nafasi ambayo Scaffold, fremu yake ya ukurasa, inakupa imetumika kweli kwenye yaliyomo. Upo mpangilio wa kujitoa, windowOptOutEdgeToEdgeEnforcement, lakini hupuuzwa kwenye Android 16 mara programu inapolenga API 36, kwa hiyo unakununulia muda mfupi tu. Kubaki API 34 nako si njia, kwa kuwa Google Play imedai API 35 kwa programu mpya na masasisho tangu tarehe 31 Agosti 2025.

Jambo jingine la kukagua papo hapo ni kurasa za kumbukumbu, yaani vipande ambavyo mfumo hugawia kumbukumbu, za kilobaiti 16 badala ya 4. Katika vipimo vya Google, programu zilifunguka kwa wastani wa asilimia 3.16 haraka zaidi kumbukumbu ikiwa imebanwa. Msimbo wa Kotlin au Java mtupu hauna shida. Wenye maktaba za C au C++, hata zile zilizoletwa na vifurushi vya watu wengine, ndio wanaopaswa kuziunda upya, na NDK r28, zana za Google za kuunda msimbo huo, hulipanga hilo yenyewe.

Programu yetu hukusanya takwimu za wakulima na kutuma picha usiku kucha. Kwa nini sasa inakatika kabla ya alfajiri? (Msanidi, Mbeya)

Kwa programu inayolenga API 35, huduma ya aina ya dataSync, yaani ya kutuma na kupokea data, hupewa jumla ya saa 6 ndani ya saa 24 inapofanya kazi nyuma ya pazia, na hesabu huanza upya mtumiaji akiifungua programu. Muda ukiisha mfumo huita Service.onTimeout, na huduma isipojisimamisha ndani ya sekunde chache programu nzima huanguka. Isitoshe, huduma hiyo haiwezi tena kuanzishwa mara simu inapowashwa, jambo linaloumiza pale ambapo simu za wakusanyaji huzimika chaji shambani. Gawanyeni picha katika mafungu madogo, mkabidhi kila fungu kwa WorkManager, maktaba ya Google ya kupanga kazi za nyuma ya pazia, kwa sharti la kuwepo mtandao, ili mtandao ukikatika kinachorudiwa kiwe fungu moja na si kazi yote. Picha ambazo mkusanyaji mwenyewe amebonyeza kuzituma zinafaa zaidi kupitia kazi za kuhamisha data zinazoanzishwa na mtumiaji, zilizokuja na Android 14. Wala hamhitaji kukesha mkijaribu: thamani ya data_sync_fgs_timeout_duration, inayowekwa kwa milisekunde kupitia adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, itawapunguzia saa 6 hizo hadi dakika moja.