Kichwa cha kubana: anzia kisogoni, si kwenye panja

Kusugua panja peke yake hakutoshi. Maumivu yanayobana kichwa kama kilemba kilichokazwa mara nyingi huambatana na misuli iliyokakamaa chini ya kisogo, pale fuvu linapokutana na shingo. Ndiyo inayochoka ukiinamia simu au cherehani kutwa nzima.

Lala chali ili shingo isibebe kichwa. Ukiwa umekaa wima misuli hiyo inaendelea kufanya kazi na hailegei. Tafuta vishimo viwili chini ya kisogo, kimoja kila upande wa uti wa shingo, weka vidole gumba, kandamiza kuelekea juu kwa sekunde 30 hivi huku ukipumua taratibu. Achia, rudia mara 3 au 4. Halafu finya nyama ya bega karibu na shingo, na ukande taya mdomo ukiwa wazi kidogo, hasa kama unasaga meno usiku. Panja ziwe mwisho, kwa wepesi.

Kosa kubwa ni kukandamiza mpaka unauma meno: misuli inajikaza zaidi na kesho shingo haigeuki. Na usiguse kabisa ubavuni mwa koo panapopiga mapigo, huo ni mshipa mkuu wa damu.

Maumivu ya kichwa yakija ghafla kwa ukali usiowahi kuupata, au pamoja na homa, shingo ngumu, ganzi au baada ya kuanguka, acha kukanda, nenda hospitali.