Waimbaji wa kike: mnauliza, najibu

Eti Siti binti Saad aliwahi kuuza vyungu? (Msomaji, Tanga)

Aliuza. Kwao Fumba, Unguja, walikuwa wafinyanzi, naye akitembeza vyungu huku akinadi. Naamini koo lake lilinolewa njiani humo kabla hajakaa mbele ya udi na fidla. Mwaka 1928 alivuka hadi Bombay kurekodi santuri, tena kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya kasri ilizoea Kiarabu.

Kwenye taarabu akina mama wananyanyuka na noti. Wanalipa au wanagombana? (Mbagala)

Vyote viwili, ndugu yangu! Huko ndiko kutunza. Mama anaungoja ubeti wake, ule wenye maneno anayotaka kumrushia mtu. Ukifika tu, huyo kainuka, noti kaishika juu kwa vidole viwili, anakwenda kwa madaha, na jicho liko meza ya pili kwa mlengwa. Anamtunza mwimbaji, anageuka taratibu ili aonekane vizuri, anarudi kukaa. Wa meza ya pili naye keshafungua pochi, anangoja wa kwake. Mwimbaji hana ugomvi na mtu, anapokea kotekote. Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club ya Zanzibar akaja kung'ara na kundi la TOT (Tanzania One Theatre) bara, ni zao la ushindani huo. Miaka ya 1990 mashabiki wakimpambanisha na Nasma Khamis wa kundi la Muungano, na kumbi zikijaa.

Zuchu ni mwana wa Khadija Kopa kweli?

Wa kumzaa. Lebo ya Wasafi ilimtambulisha 2020 kama msanii wa bongofleva, lakini sikiliza anavyovuta mwisho wa mstari: taarabu hiyo. Wameshaimba pamoja pia, kwenye "Mauzauzo".

Bi Kidude alikuwa wa taarabu au wa unyago?

Wa kote. Ila ukimwona kajifunga ngoma kiunoni anaipiga, hutauliza tena. Alifariki Aprili 2013.

Binti yangu ana miaka 16, anataka bongofleva. Mimi nataka kwaya. (Mama, Dodoma)

Shoga, kwaya kwanza, kwa sababu ya pumzi na kujua kumsikiliza mwenzie. Ila usimfungie humo. Lady Jaydee alipita kwenye utangazaji wa redio kabla ya albamu yake ya kwanza, Machozi. Na studio wakimletea karatasi asaini, isome wewe kwanza, hasa pale panaposema nyimbo ni mali ya nani.