Maswali ya Barabarani: Kitonga ukiwa na tela nyuma

Swali: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumenunua tela la kulala, lile lenye hema juu na jiko dogo nyuma, kwa msafiri mmoja wa Afrika Kusini aliyemalizia safari yake Dar. Lina ekseli moja, na likipakiwa linafika kilo 1,200. Tunalivuta kwa Prado ya dizeli yenye gia otomatiki. Februari tunataka kuwapeleka watoto hifadhi ya Kitulo wakaone maua, na tukirudi tubebe mchele na viazi vya Mbeya. Mume wangu anasema kazi ni kupanda mlima wa Kitonga kule Iringa tu, kushuka gari litajishusha lenyewe. Mimi moyo hautulii. Utushauri. *Mama wa watatu, Kibaha*

Jibu: Marahaba mwanangu. Moyo wako unakuambia kweli, na namwomba mumeo asome hapa kabla hajashika usukani. Gari likikushinda wakati wa kupanda, utasogea pembeni na kusubiri. Likikushinda wakati wa kushuka, Kitonga upande mmoja ni mwamba na upande mwingine ni korongo. Nimeendesha semi kwenda Tunduma miaka mingi, na magari niliyoyakuta yamelala pale chini mengi yalikuwa yanashuka.

Kupanda nitakupitisha haraka. Mkitoka Ruaha Mbuyuni mwangalie geji ya joto. Gia ishushwe mapema, kabla injini haijaanza kulalamika, na ifungwe hapohapo, maana gia otomatiki inayopanda na kushuka kila kona inapika mafuta yake. Geji ikipanda, zimeni AC. Ikiendelea, tafuteni sehemu pana, simameni, injini iendelee kuunguruma polepole bila mzigo, na mtu asiguse mfuniko wa rejeta. Msisimame kwenye kona kwa sababu watoto wameona nyani. Lori linalokuja nyuma yenu haliwaoni.

Sasa kushuka. Prado ikiwa na familia na mizigo, pamoja na tela, mnakaribia tani 3.9. Kwa kila mita 300 mnazoteremka, mwendo ukibaki uleule, uzito huo unatoa nguvu inayotosha kuchemsha lita zaidi ya 30 za maji ya bomba. Nguvu hiyo lazima iishie mahali. Ukikanyaga breki mfululizo, yote inaingia kwenye diski na pedi, na kutoka hapo inakwenda kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 na kuendelea, lakini kadiri yanavyokaa yanavuta unyevu wa hewa, na yakishalewa maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo ndipo dereva anakanyaga pedali inazama hadi chini kama mguu umeingia kwenye tope, halafu kesho yake tunasoma kwamba breki zilifeli. Kwa hiyo, kabla ya safari, badilisheni mafuta ya breki. Kama hamjui yalibadilishwa lini, hesabuni kwamba hayajawahi kubadilishwa.

Kinachotakiwa kulishika gari ni injini. Kabla mteremko haujaanza, mkitokea Ilula, mumeo apunguze mwendo gari likiwa bado mahali tambarare, asogeze leva ya gia kwenye S, pale dereva anapochagua gia mwenyewe, achague 3, na akiona bado linakimbia achague 2. Injini itapiga kelele. Aiache ipige, mradi mshale usifike kwenye nyekundu. Achague mwendo ambao anaweza kuumudu kwenye kona mbaya kuliko zote, tuseme kilomita 40 kwa saa. Mwendo ukifika 40, akanyage breki kwa uthabiti sekunde tatu hivi hadi mwendo ushuke kama 30, kisha aachie kabisa. Ukipanda tena, arudie. Kukanyaga na kuachia kunazipa diski nafasi ya kupumua. Asiweke mguu juu ya pedali muda wote akidhani anakuwa mwangalifu, maana huko ndiko kuzichoma. Mabasi yatapiga honi nyuma yenu. Yapige. Mkipata sehemu pana yapisheni, yaende.

Kuna jambo moja la tela lenu ambalo wengi hawalijui. Matela mengi ya kutoka Afrika Kusini yana breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kichwa chake, pale linapoungwa na gari, mbele, chuma kinaingia ndani, kinavuta waya na breki za tela zinashika. Ni mpango mzuri kwenye barabara ya kawaida. Lakini kwenye mteremko mrefu, injini ikiwa inazuia, tela linasukuma kwa muda wote, na breki zake zinasugua kwa muda wote, hata kama mumeo hajagusa pedali. Hii haina maana muache kutumia injini. Maana yake ni kwamba msishuke Kitonga nzima kwa mkupuo mmoja. Mkifika mahali salama pa kuegesha, wekeni kabari kwenye magurudumu, kisha sogeza kiganja karibu na rimu za tela bila kugusa. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwingine, breki au beringi ya upande huo ina shida. Mkisikia harufu ya lainingi iliyoungua, kaeni hapo hadi zipoe zenyewe. Kamwe msizimwagie maji, chuma cha moto kinapasuka.

Nakuja kwenye mchele, na hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu watu wanajiandaa vizuri wakati wa kwenda halafu wanaharibu wakati wa kurudi. Tela linatulia barabarani pale kichwa chake kinapolemea gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Lenu la kilo 1,200 linatakiwa kulemea kilo 120 hadi 180, ilimradi kitabu cha gari na kibao cha tela vinaruhusu. Kupima ni rahisi: nendeni kwa mfanyabiashara wa mahindi mwenye mizani ya magunia, mahali tambarare, mzuie magurudumu ya tela kwa kabari, mtulize kichwa cha tela juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mizani, kwa kimo kilekile cha kwenye gari. Kisha mtoe uzito wa gogo.

Tuseme mmepata 120. Sasa mko Chimala, mmenunua gunia la kilo 100, na kwa kuwa mlango wa tela uko nyuma, gunia limekaa nyuma, mita moja na nusu kutoka kwenye ekseli. Kama kutoka ekseli hadi kichwa ni mita tatu, gunia hilo peke yake limepunguza kilo 50 pale mbele. Mmebakiwa na 70, tela limeongezeka uzito, na mnaelekea kushuka Kitonga na kitu ambacho kichwa chake kimekuwa chepesi mno. Mchele ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ufungwe usitembee, na hesabu ya jumla isizidi kilichoandikwa kwenye kibao. Nyanya za Ilula ziacheni, tenga moja kwa ajili ya nyumbani linatosha. Vitunguu nunueni Ruaha Mbuyuni, mkishamaliza mlima.

Kuhusu Kitulo yenyewe. Ukipandia Chimala kwenda Matamba, barabara ile inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake. Tela msilipandishe huko. Kwenye kona ya kukunja, tela halifuati njia ya gari, linakata ndani. Mkikutana na Fuso inayoshuka, mtatakiwa kurudi kinyumenyume, na breki za kusukumwa za zamani zinashika pale unapolirudisha tela. Isitoshe, maua ya Kitulo yanachanua vizuri kati ya Desemba na Aprili, yaani mvua zikiwa zinanyesha. Tafuteni mtu wa kuaminika Chimala, muache tela kwake, mpande na hema la kawaida na mablanketi. Juu kule ni mita 2,600, usiku watoto watatetemeka.

Swali: Mzee, tela langu la kubebea mashua likishuka mlima linaanza kucheza mkia. Nikikanyaga mafuta linanyooka. Nifanyeje? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Acha kukanyaga mafuta, tafadhali. Leo limenyooka, siku likikataa utakuwa na mwendo mkubwa zaidi. Likianza kucheza, toa mguu kwenye ekseleta, shika usukani unyooke bila kushindana nalo, usikanyage breki kwa ghafla, uache mwendo ushuke. Kisha simama utafute sababu. Kwa mashua, angalia injini yake ya nyuma: kama ni nzito, sogeza mashua yote mbele kwenye tela. Halafu pima upepo wa tairi zote.

Swali: Dereva wetu akishuka mlima wa Sekenke anaweka nyutro, anasema anaokoa dizeli. Ni kweli? *Msomaji, Singida*

Jibu: Si kweli. Injini za siku hizi, ukiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye ekseleta, hukata mafuta zenyewe. Kwenye nyutro ndipo zinapokunywa, ili zisizime. Huyo anapoteza dizeli na anapoteza breki ya injini kwa pamoja. Akiweka nyutro tena, mwambie asimame, ushuke.