Premio ya mtumba au gari jipya?

Shikamoo fundi. Tuna watoto watatu, tuko Morogoro. Tuagize Premio iliyotumika kutoka Japani, au tujibane tupate gari jipya?

Marahaba, mwanangu. Agizeni Premio. Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2021, ila vipuri vyake Kariakoo vimejaa. Likishafika, msidanganywe na rangi inayong'aa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukikuta alama ya tope, hilo lilizama mafurikoni. Mimi fundi mzima niliwahi kuona haya kuuvuta mbele ya muuzaji, nikalipa. Miezi miwili baadaye nyaya zikaanza kuota kutu, taa zikawa zinawaka zinavyotaka. Inueni pia zulia la buti, mtafute tope chini ya tairi la akiba. Na mwaka wa kutengenezwa: likizidi miaka 8, ushuru unapanda.